Mzee wako anavuta sigara na ameletewa vitamini E: isome chupa hivi kabla hajameza

Chupa ilitoka Muscat ndani ya begi la binamu yangu, imeviringishwa kanga mbili isije ikapasuka. Plastiki ya kahawia, kifuniko cheupe, vidonge vya mafuta 100, rangi ya asali. Mjomba aliileta dukani asubuhi, akaiweka juu ya kaunta taratibu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nisomee hii. Dada yako kaniletea, anasema inasafisha mapafu."

Niko kwenye duka la dawa hapa Tanga mwaka wa 14 sasa, na chupa za namna hiyo huletewa kila mara. Mtoto yuko Uarabuni, Uingereza au Marekani, anamtumia mzazi kwa mapenzi yake yote, na mzazi hasomi Kiingereza cha lebo. Asubuhi ile palikuwa na foleni. Niliona neno vitamini nikamjibu: "Hii haina neno, mjomba, ni vitamini tu. Kimoja kila siku baada ya kula." Mjomba alianza sigara akiwa kijana, anapakia mkonge bandarini, na hakuwahi kuacha. Siku ananiletea chupa ile alikuwa na wiki kadhaa anakohoa. Sikumuuliza.

Haya ninayoandika ndiyo niliyopaswa kuyafanya asubuhi ile. Yanamhusu yeyote mwenye mvutaji wa sigara nyumbani, au aliyewahi kuvuta, au mgonjwa wa saratani ya mapafu, halafu kuna chupa ya vitamini E mezani.

Anza na jina lililoandikwa mgongoni

Mbele ya chupa pameandikwa vitamini E kwa herufi kubwa. Hilo ni jina la ukoo. Ndani ya ukoo kuna ndugu wanane: wanne wanaitwa tokoferoli, wanne tokotrienoli, na kila upande una alfa, beta, gama na delta. Waliogundua vitamini hii ni Herbert Evans na Katharine Bishop, mwaka 1922, huko Berkeley, California. Waliona panya jike waliokosa kitu fulani kwenye chakula wanashika mimba lakini watoto wanafia tumboni. Ndiyo maana jina tokoferoli limetokana na neno la Kigiriki la kuzaa. Habari ya mapafu ilikuja baadaye sana.

Sasa geuza chupa, tafuta yale maandishi madogo. Kama pameandikwa "d-alpha tocopherol", hiyo ni alfa iliyotolewa kwenye mafuta ya mimea. Kama pameandikwa "dl-alpha", ile herufi l moja ina maana imetengenezwa kiwandani, na ni mchanganyiko ambao mwili unautumia nusu tu. Chupa ya mjomba ilikuwa "dl-alpha tocopheryl acetate". Alfa tupu. Chupa nyingi nilizowahi kuzigeuza ni hivyo hivyo. Mara chache utakuta "mixed tocopherols", yaani tokoferoli mchanganyiko. Hapo soma miligramu za kila mmoja, maana mara nyingi alfa imejaa na wenzake wametiwa kidogo.

Kwa nini nakuhangaisha na majina? Kwa sababu ini lako linayajua. Ini lina protini yake maalumu inayomchagua alfa na kumrudisha kwenye damu. Gama na delta huwaachia, wanavunjwavunjwa na kutoka kwa mkojo. Mtu akimeza alfa nyingi kila siku, hata ile gama aliyoipata kwenye chakula inapungua katika damu. Lishike hili, tutalihitaji mbele.

Chukua kalamu, piga hesabu

Chupa ya mjomba ilisema 400 IU, yaani yuniti za kimataifa. Kipimo hicho kinawachanganya wengi, na baadhi ya chupa mpya zimehamia miligramu, lakini za IU bado zinazunguka. Kama alfa ni ya mimea, zidisha IU kwa 0.67. Kama ni ya kiwandani, zidisha kwa 0.45. Kwa hiyo 400 IU ya mimea ni miligramu 268, na 400 IU ya kiwandani ni miligramu 180.

Mtu mzima anahitaji miligramu 15 kwa siku. Gawanya 180 kwa 15, unapata 12. Mjomba alikuwa anameza mahitaji ya siku 12 kila asubuhi kwa kikombe cha chai ya rangi, juu ya kile alichokipata kwenye chakula. Kikomo cha juu cha mtu mzima Marekani ni miligramu 1,000 kwa siku. Ulaya wamekiweka kwenye 300. Ukimkuta mzee anameza viwili vya 400 IU ya mimea kwa kuwa "vya kwanza havijafanya kazi", tayari amevuka kile cha Ulaya.

Na vitamini hii si kama vitamini C, ambayo ikizidi inatoka na mkojo. Ni ya mafuta, inakaa mwilini.

Muulize anayemeza

Hapa ndipo nilipokosea zaidi, kwa hiyo vumilia nikieleza kwa urefu.

Uliza kwanza dawa nyingine anazotumia. Vitamini E kwa dozi kubwa inapunguza uwezo wa damu kuganda. Anayetumia warfarini, klopidogreli au hata aspirini ndogo ya moyo asiimeze kabla ya kumwona daktari wake. Anayesubiri upasuaji amwambie daktari wa upasuaji mapema. Mjomba alikuwa na aspirini ndogo ya kila siku, mimi sikuwa na habari. Aliyeniambia ni mkaza mjomba, miezi mitatu baadaye, tena kwa kupitia tu: "Siku hizi mswaki wake unatoka mwekundu kila asubuhi, nadhani fizi zimezeeka." Nilikimbilia chupa. Katika utafiti mkubwa wa Finland ambao nitaueleza, walikagua pia fizi, na waliokutanisha aspirini na alfa ndio waliovuja damu zaidi. Tuliisimamisha vitamini siku ile ile. Mswaki ukawa mweupe tena.

Uliza pia kama yuko kwenye matibabu ya saratani. Mionzi na baadhi ya dawa za saratani huua seli mbaya kwa kuzichoma kwa namna ile ile ambayo vitamini E imeumbwa kuizuia. Huko Quebec, Kanada, wagonjwa 540 wa saratani ya kichwa na shingo waliokuwa wakipigwa mionzi waligawanywa: wengine wakapewa alfa 400 IU kwa siku, wengine kidonge kisicho na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Waliokuwa wanameza alfa walipata saratani ya pili kwa wingi zaidi wakati ule wa kumeza. Ona dozi: 400 IU, sawasawa na ya chupa ya Muscat.

Halafu uliza la sigara. Wazee wengi watakwambia "nimepunguza". Kupunguza bado ni kuvuta. Na aliyeacha mwaka jana bado mapafu yake ni ya mvutaji.

Finland: watu 29,133 waliomeza kwa niaba yetu

Kama una dakika tano tu za kuzungumza na mzee wako, mweleze hili, kwa sababu ndipo swali la mjomba liliulizwa kwa watu halisi, likajibiwa.

Miaka ya 1980 madaktari walikuwa na sababu nzuri ya kuamini vitamini E. Moshi wa sigara unaleta mwilini viini vikali vinavyochubua seli na vinasaba, na vitamini E ni antioksidanti, yaani inajitoa yenyewe ichomwe badala ya seli. Ni kazi ile ile inayoifanya kwenye mafuta ya kula, kuyazuia yasiharibike upesi. Isitoshe, watu wenye vitamini E nyingi kwenye damu walionekana kupata saratani ya mapafu kidogo kuliko wenzao. Basi hitimisho lilionekana liko wazi: wape wavutaji vidonge.

Wakakusanya wanaume 29,133 kusini magharibi mwa Finland, wa miaka 50 hadi 69, wote wavutaji. Kuanzia mwaka 1985 hadi 1993, kwa miaka mitano hadi minane kila mmoja, wengine walimeza alfa tokoferoli miligramu 50, wengine beta karotini miligramu 20, wengine vyote viwili, na wengine kidonge kitupu. Hakuna aliyejua anameza kipi, wala daktari wake.

Mwaka 1994 hesabu ilitoka. Alfa haikupunguza saratani ya mapafu. Waliomeza na wasiomeza walikuwa karibu sawa, na vifo vya kiharusi cha kuvuja damu vilikuwa vingi zaidi upande wa alfa. Beta karotini, ile rangi ya karoti ambayo kila mtu aliitegemea, iliongeza saratani ya mapafu kwa asilimia 18. Marekani walikuwa na utafiti mwingine wa aina hiyo, watu 18,314, wavutaji na waliofanya kazi na asbesto, wakipewa beta karotini pamoja na vitamini A. Januari 1996 waliusimamisha kabla ya wakati wake, saratani ya mapafu ikiwa imezidi kwa asilimia 28 upande wa vidonge.

Kwa hiyo ukigeuza chupa ya "vitamini za mapafu" ukakuta beta karotini au vitamini A nyingi humo ndani, na mzee ni mvutaji, usiipitishe mlangoni. Hapo sina la kusitasita.

Kuna jambo moja la Finland linalonigusa kila nikilifikiria. Wale wanaume walipimwa damu kabla ya kuanza vidonge. Waliokuwa na alfa nyingi tayari, kutokana na chakula na maisha yao, walipata saratani ya mapafu kidogo kuliko waliokuwa nayo chache. Lakini kuwaongezea kidonge hakukuwahamisha kutoka kundi moja kwenda jingine. Inawezekana damu yenye vitamini E nyingi ni alama tu ya mtu anayekula vizuri na kujitunza. Shanghai nao waliona kitu kinachofanana, kwa wanawake wasiovuta sigara zaidi ya 72,000, mwaka 2015: tokoferoli za kwenye chakula zilikwenda na saratani ya mapafu pungufu, lakini waliotumia vitamini E ya vidonge walikuwa nayo zaidi. Utafiti wa namna hiyo unatazama tu, haumpi mtu kidonge, kwa hiyo hauwezi kuthibitisha kilichosababisha. Ila unaelekea kule kule.

Utakutana na mtu atakayesema Finland ilionyesha saratani ya tezi dume imepungua. Ni kweli, ilipungua. Wamarekani wakaifuata hiyo kwa wanaume 35,533, vitamini E 400 IU na madini ya seleniamu, wakaanza mwaka 2001, wakasimamisha vidonge mwaka 2008. Walipohesabu tena mwaka 2011, waliomeza vitamini E peke yake walikuwa na saratani ya tezi dume asilimia 17 zaidi.

Ukitumiwa ujumbe kwamba "vitamini E inaua saratani ya mapafu"

Utatumiwa. Mimi nimetumiwa na wateja si chini ya mara kumi, na mara nyingi chanzo chake ni kazi ya kweli, ya watu makini. Kwa hiyo usimdharau aliyekutumia. Usome ukiwa na maswali matatu: ni ndugu gani wa ukoo, amemeza nani, na walihesabu nini.

Kazi inayotajwa zaidi ni ya Chuo Kikuu cha Rutgers, New Jersey, ya Chung Yang na wenzake. Walipandikiza seli za saratani ya mapafu ya binadamu kwa panya, wakawalisha tokoferoli mbalimbali. Mwaka 2011 walieleza kwamba delta ndiyo iliyozuia uvimbe vizuri zaidi, gama ikafuata, na alfa haikufua dafu. Sababu mojawapo iko kwenye umbo. Alfa amejaziwa vishina vitatu vidogo kwenye duara lake la kemikali, gama ana viwili, delta ana kimoja. Pale palipoachwa wazi kwa gama na delta panawawezesha kunasa viini vikali vya naitrojeni ambavyo alfa anavikosa. Nikisoma kazi hiyo nafurahi. Inaeleza kwa nini Finland huenda ilimjaribu ndugu asiyefaa.

Lakini jibu maswali yako matatu. Ndugu gani? Delta na gama. Chupa yako ina alfa. Amemeza nani? Panya, si mvutaji wa Tanga. Walihesabu nini? Ukubwa wa uvimbe wa panya kwa wiki kadhaa, si miaka ya mtu kuishi. Na sasa lirudie lile la ini: anayemeza alfa nyingi akitafuta faida ya gama anaipunguza gama yake mwenyewe.

Kisha soma upande wa pili. Mwaka 2014, Gothenburg, Sweden, Martin Bergö na wenzake walichukua panya wenye mwanzo wa uvimbe wa mapafu wakawapa vitamini E, wengine wakapewa antioksidanti nyingine inayotumika kulainisha makohozi. Uvimbe ulikua haraka na panya walikufa mapema. Walipochunguza, waligundua kwamba seli ya saratani nayo huchubuliwa na vile viini vikali, na ikichubuliwa sana, protini iitwayo p53 huamka na kuizuia isigawanyike. Antioksidanti iliipunguzia seli mbaya michubuko, p53 ikabaki imelala. Kwa hiyo kidonge kinaweza kuilinda seli nzuri, na kinaweza kuilinda mbaya vilevile. Mtu aliyevuta miaka 40 anaweza kuwa na uvimbe mdogo kifuani ambao hakuna aliyeuona bado. Kwa mjomba, naamini ulikuwapo siku ile aliposimama mbele ya kaunta.

Neno moja kwa vijana kabla sijaendelea. Vitamini E ni ya kula, kamwe si ya kuvuta. Mwaka 2019 Marekani ilipata mlipuko wa ugonjwa wa mapafu kwa watumiaji wa sigara za umeme, hasa zenye mafuta ya bangi. Hadi Februari 2020 watu 2,807 walikuwa wamelazwa au kufa, vifo vikiwa 68. Walipopima maji ya mapafu ya wagonjwa 29 wa kwanza, wote walikutwa na asetati ya vitamini E, iliyotiwa kwenye yale mafuta ili yaonekane mazito. Ni kemikali ile ile iliyoandikwa mgongoni mwa chupa ya mjomba. Tumboni inameng'enywa, kifuani iliwajeruhi. Ukimwona mtu anatoboa kidonge atie kwenye kifaa cha kuvutia moshi, mnyang'anye.

Ipate jikoni, hapo hakuna hesabu ya kuogopa

Mteja nikimwambia aache chupa, huuliza: "Sasa nimpe nini?" Namuuliza anapikia mafuta gani.

Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya alizeti kina karibu miligramu 5.6 za alfa, zaidi ya theluthi ya mahitaji ya siku. Ufuta karibu wote ni gama. Mafuta ya mahindi na ya soya yana gama kwa wingi, na soya ina delta pia. Mawese mekundu ya Kigoma yana tokotrienoli, wale ndugu wanne ambao huwapati kwenye mafuta mengi. Kiganja cha karanga kina kama miligramu mbili za alfa na gama karibu kiasi hicho hicho. Parachichi lina kidogo, mboga za majani nazo kidogo. Sisi watu wa pwani tunaipenda nazi kwa kila kitu, na sitaitoa chunguni kwangu, ila kwa vitamini E nazi ni maskini. Kwa hiyo mchicha wa nazi uutie karanga zilizosagwa, au uukaange kwanza kwa alizeti ndipo utie tui.

Ujihadhari na jinsi mafuta yanavyotunzwa. Ukisafiri kwa barabara ya Singida utayaona mafuta ya alizeti yamepangwa kando ya lami kwenye chupa za plastiki, yanameremeta kama taa kwenye jua la saa saba. Yanapendeza, nami nimeyanunua mara nyingi kabla sijajua. Mwanga na joto vinaila vitamini E. Nilimwomba mama mmoja anipe ya ndani, aliyoyaweka kwenye dumu chini ya meza kivulini, akacheka, akanipa kwa bei ile ile. Nyumbani yaweke kabatini mbali na jiko, kifuniko kimefungwa. Na mafuta yaliyokaangiwa chipsi mara tano sita hayana tena cha kukupa.

Sisemi chakula hiki kinazuia saratani ya mapafu. Nasema mwili unapata ndugu wote wa ukoo kwa kiasi chake, na fizi hazitoki damu.

Kilichobaki ni sigara na kile kikohozi

Tumbaku ndiyo inayobeba takriban asilimia 85 ya saratani za mapafu duniani. Aliyeacha, baada ya miaka kumi hatari yake hushuka hadi karibu nusu ya aliyeendelea. Hakuna kidonge, cha alfa wala cha delta, kilichowahi kukaribia hapo. Msaidie kuchagua siku. Ondoeni pakiti, viberiti na vile visahani vya majivu usiku wa kuamkia siku hiyo, na yeyote nyumbani asivute mbele yake. Siku tatu za kwanza ndizo ngumu zaidi: atakuwa mkali, hatalala, atataka ugomvi. Muwe karibu, mmpe karanga za kutafuna, msimhubirie.

Kikohozi ndicho kilichotuponyoka sisi. Mjomba alipofikisha miezi miwili anakohoa alikwenda zahanati moja, akapewa antibayotiki. Akarudi, akapewa nyingine. Mara ya tatu walimpima makohozi, TB haikuonekana, akaambiwa arudi nyumbani apumzike. Nyumbani tukatulia, kwa sababu TB hana, na vitamini ya mapafu anameza. Chupa ya kwanza ilikuwa inakaribia kwisha, na ya pili ilikuwa imeshaingia. Hata tulipoisimamisha kwa ajili ya fizi, tulidhani tumemaliza tatizo. Alipokuja kupigwa picha ya kifua, na baadaye kipimo cha CT na kukatwa kipande kidogo cha uvimbe kwa ajili ya uchunguzi huko Dar es Salaam, ulikuwa mwezi wa saba tangu kikohozi kianze, na uvimbe wa pafu la kulia ulikuwa umeshasambaa. Alipata mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani ya huko huko Dar, maumivu yakapungua. Tulimzika mwaka uliofuata.

Kwa hiyo kikohozi cha zaidi ya wiki mbili kwa mvutaji, mpeleke. Usingoje mpaka zianze dalili nyingine: damu kwenye makohozi, suruali kulegea kiunoni, sauti kukauka isirudi, maumivu ya bega au kifua, kukosa pumzi kwa ngazi chache, ncha za vidole kuvimba na kucha kuinama. Siku ya kwenda chukua kila anachomeza, pamoja na chupa ya vitamini, uviweke mbele ya daktari, usimsimulie tu. Mwambie miaka aliyovuta na sigara ngapi kwa siku, maana mzee mwenyewe atazipunguza. Na makohozi yakisharudi bila TB, usinyanyuke kwenye kiti. Uliza hapo hapo: "Picha ya kifua anapigwa leo au lini?" Wakisema haihitajiki, uliza kwa nini, wakuandikie, na umpeleke hospitali ya wilaya au ya mkoa na karatasi hiyo mkononi.